Mwadila ya Asubuhi

Mtaani Kanyenye, Tabora, ukimpita mtu bila salamu, jioni utasikia unasemwa: huyu naye kalelewa wapi? Utaulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za yule mgonjwa wa juzi, na zote uziitikie kabla hujasema kilichokuleta. Wageni wa kutoka Dar huchoka. Wenyeji hawachoki, na katika hao wasiochoka, Nassibu fundi cherehani hakuwa na mpinzani. Aliweza kuacha suruali ya mteja imebanwa kwenye sindano, akatoka barazani kumwamkia mzee wa ng'ambo ya barabara, na akirudi amsahihishe mtoto aliyesema "mambo" badala ya "shikamoo". Kusahihisha salamu za watu ndio uliokuwa ugonjwa wake.

Mkewe, Nyamizi, aliuvumilia ugonjwa huo tangu siku ya ndoa. Alikuwa akicheka. Laiti angejua, asingecheka.

Binti yao Mwamvita alishona kando ya baba yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini kazi ilikuwa imepungua. Watu siku hizi wananunua nguo za mitumba na kuleta zipunguzwe tu kiunoni. Ndipo akaja Shukrani, kijana mmoja mtanashati anayetafutia watu kazi za nje, akiwa na viatu vinavyong'aa na simu mbili mkononi.

"Fundi, hii siyo kazi ya kusukumana," alisema. "Ni bibi mzee, Maskati. Anataka msichana wa kukaa naye na kumshonea. Tena bibi mwenyewe kazaliwa hapa hapa Tabora! Kaondoka akiwa msichana. Kiswahili chake, fundi, wewe na mimi tunasubiri."

"Kazaliwa Tabora?" Nassibu aliacha kukanyaga cherehani. "Basi si watu wetu hao!"

Siku hiyo hakuzungumza kingine. Kila aliyekuja kuchukua nguo aliambiwa. Mababu wa Nassibu walikuwa wapagazi; walitembea kwa miguu mpaka pwani, pembe za ndovu begani, nyuma ya mababu wa bibi kama huyo. "Leo mjukuu wa mpagazi anapanda ndege," alisema, "na kichwani hana hata furushi!"

Masolwa, fundi viatu wa baraza hiyo hiyo, aligonga msumari wake polepole. "Ndege nayo inabeba mizigo, fundi. Ila nani anabebeshwa, hapo sasa."

"Masolwa, shona viatu."

Kesho yake alikuja Julieth. Huyu alikuwa mwanamke wa Usoke, mtoto wa wakulima wa tumbaku, aliyefanya kazi za ndani Uarabuni miaka kadhaa, na sasa alikuwa akikaanga mihogo kwenye kona ya mtaa. Alisimama mlangoni akijifuta mafuta mikononi.

"Shikamoo, baba Mwamvita. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai sana, nimeacha karai jikoni. Nimesikia mdogo wangu anasafiri, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimetenda dhambi. Pasipoti yake mpigieni kopi, moja ibaki hapa nyumbani. Mwulizeni huyo Shukrani jina kamili la mwajiri na mtaa anaokaa, siyo 'bibi fulani' tu. Namba ya ubalozi wetu aikariri, iwe kichwani, maana simu wanaweza kumnyang'anya. Na mkataba ausome kabla ya kuweka sahihi. Asiwekewe mbele ndege ikiwa inanguruma."

Nassibu alimtazama juu ya miwani. "Kwani wewe kule ulipigwa?"

"Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa mtu wa Mungu, baba. Nilikula naye sinia moja. Wa pili ndiye aliyenifundisha haya ninayokwambia."

"Basi huyo wa pili hakujua Kiswahili, hamkuelewana. Hawa ni watu wetu."

"Hapo ndipo panaponitisha." Julieth alishusha sauti. "Mimi nilikuwa nalia na mama yangu kwenye simu, wenyewe wamekaa pembeni, hawaambulii hata neno. Sasa huyu mtoto, bibi anasikia kila kitu, atalia kwa lugha gani?"

Nassibu alirudisha mguu kwenye cherehani. "Tumekusikia, binti. Haya, mihogo yako isije ikaungua."

Julieth aliinamisha kichwa, akaondoka. Hakuwa amefika hata barabarani Nassibu akasema, tena kwa sauti: "Kijicho! Yeye karudi mikono mitupu, basi anataka kila mtu arudi mikono mitupu." Mwamvita alicheka na baba yake. Nyamizi hakucheka. Lile swali la Julieth lilikuwa bado linamzunguka kichwani.

*

Walikuwa uani wawili, mama na binti, wanafunga michembe ya safari. Viazi vile vilivyokatwa na kukaushwa juani Nyamizi alivileta mwenyewe kutoka kwa ndugu zake, pamoja na dumu dogo la asali. Nassibu yeye alikuwa amemshonea yule bibi gauni la kitenge kwa kukisia tu mwili, na kila mara alilitoa kulitazama.

"Mwamvita, Kinyamwezi unakijua?"

"Mama nawe! Mwangaluka asubuhi, mwadila kuanzia mchana mpaka jioni. Basi, kimeisha."

"Kinatosha." Nyamizi alitazama mlangoni, kisha akamsogelea. "Nisikilize. Utakapopiga simu, kwanza nisalimie mimi kwa kilugha. Kama uko salama, sema mwangaluka, hata kama jua limezama. Mambo yakiharibika, sema mwadila, hata kama ni asubuhi kweupe. Usiseme zaidi. Usilie. Mwadila ya asubuhi nikiisikia nitajua, na nitakufuata hata kwa miguu."

Mwamvita alitaka kufanya utani, lakini macho ya mama yake yalimzuia. "Na baba je?"

"Baba yako usimwambie. Atasema namwapizia mtoto safari."

Ni kweli angesema hivyo. Angepiga kelele mpaka majirani waje. Nyamizi aliogopa kelele za siku moja, akalifungia neno lile moyoni, na akadhani amefanya busara.

Alfajiri ya safari, stendi, Shukrani alipita akikusanya pasipoti za wasichana watatu aliokuwa akiwasindikiza mpaka Dar. "Nazishika mimi, zisipotee."

Nyamizi alikuwa na noti yake kwenye pindo la kanga. "Shukrani, baba, naomba hiyo ya mwanangu mara moja nikapige kopi. Lile duka pale wameshafungua. Na jina la huyo bibi, kamili..."

"Bibi Zuwena, mama, nimeshawaambia. Na hii siyo safari ya kwenda Nzega msibani. Hii ina utaratibu wake."

Abiria waliokuwa karibu walicheka. Hata kondakta alicheka. Nyamizi aliona aibu, akaurudisha mkono ndani ya kanga. Nassibu ndiye aliyemaliza kumkata maini: "Mama Mwamvita, usitutie aibu mbele za watu, bwana."

Basi likaondoka. Mwamvita alipunga mkono dirishani, mkono mwingine ukiwa umeshika gauni la bibi lililofungwa vizuri kwa karatasi.

*

Simu ya Nyamizi ilikuwa kitochi tu, haipokei za intaneti. Yenye uwezo huo ilikuwa moja nyumba nzima, nayo ilikaa mfukoni mwa Nassibu, kazini. Wiki zikapita. Mwamvita alikuwa ametuma ujumbe mmoja wa sauti alipofika, wa haraka haraka, kisha namba yake ikawa haipatikani. Nyamizi alikuwa akiamka anaitafuta, anaambiwa haipatikani, anaendelea kufagia.

Siku moja Nassibu alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apate fremu yake. Alikuwa anacheka toka mlangoni.

"Mama Mwamvita! Mwanao kapiga! Kapigia simu ya bibi mwenyewe. Nimeweka spika, baraza nzima imemsikia. Mzima! Bibi naye kanisalimia, Kiswahili cha zamani kile, utadhani unaongea na marehemu nyanya. Na gauni limemkaa!"

Nyamizi aliushika mlango. "Kanisalimia mimi?"

"Kwani angekusahau? Kasema: mwambie mama, mwangaluka."

Mwangaluka! Nyamizi alikaa chini pale pale kizingitini, akacheka, akalia, akasema alhamdulillahi mpaka ulimi ukachoka. Nassibu alimshangaa. Salamu moja tu, na mtu analia hivi?

Jioni ile Nyamizi alipika ubwabwa na maharage ya nazi, akawagawia jirani. Alipofika kwa Julieth aliweka bakuli juu ya meza ya mihogo, mbele za wateja, na maneno aliyokuwa ameyabana kwa wiki zote yakamtoka.

"Kula na wewe. Mwanangu ni mzima, tena anapendwa. Waliokuwa wanamwombea mabaya, Mungu kawaumbua."

Wateja waliangalia mihogo yao. Julieth alilipokea bakuli kwa mikono miwili. "Asante, mama. Namshukuru Mungu," alisema, na akaendelea kugeuza mihogo.

*

Wiki iliyofuata Nyamizi alimpelekea mumewe chakula kazini. Nassibu alikuwa ametoka kununua uzi. Masolwa alikuwepo, kiatu mapajani.

"Mama Mwamvita, karibu! Nilitaka nikuulize, yule binti hukumfundisha kilugha? Katuchekesha sana siku ile. Asubuhi kweupe, chai hatujanywa, mtu anatusalimia mwadila!"

Nyamizi alikuwa anaweka hotipoti mezani. "Alisemaje?"

"Mwadila. Anamwambia baba yake, mwambie mama, mwadila. Unamjua fundi na salamu zake. Akamwambia siyo hivyo mwanangu, asubuhi ni mwangaluka. Binti akarudia ile ile: mwadila, baba. Tukacheka mpaka basi! Fundi akasema, sikati simu mpaka useme sawasawa, usinitie aibu mbele ya bibi. Ndipo binti akasema, haya baba, mwangaluka. Tukampigia makofi."

Masolwa alikuwa bado anatabasamu alipoinua macho. Tabasamu likamkauka. "Mama? Vipi, unaumwa? Kaa, kaa hapo kwenye benchi."

Alikaa. Nassibu alipotokea na mfuko wa nyuzi alimkuta hapo. Nyamizi alimwambia yote, hapo hapo mbele ya Masolwa, bila kupandisha sauti: uani, michembe, neno la asubuhi na neno la jioni. Nassibu alisikiliza akiwa amesimama. Nyuzi zikamponyoka, kibonge kimoja chekundu cha uzi kikabingirika mpaka barabarani, bodaboda ikakikanyaga.

"Nilimsahihisha," alisema.

"Alikuambia mara mbili."

"Mimi nilimsahihisha tu, Nyamizi. Sasa ningejuaje? Ungeniambia! Kwa nini hukuniambia?"

Swali hilo ndilo lililomuuma Nyamizi kuliko yote. Alitaka kumchukia mumewe peke yake, na hakuweza.

*

Shukrani walimkuta anakunywa soda kwenye kibanda cha kutuma fedha. Aliwasikiliza huku kidole kikiendelea kutembea kwenye simu.

"Fundi, si wewe mwenyewe uliyenipigia? Ukaniambia mzima, anacheka, gauni limemkaa bibi. Leo unaniletea habari ya salamu?" Alimgeukia muuza soda, amfanye shahidi. "Sasa mimi nikawaambie nini wale watu? Kwamba msichana kakosea salamu, arudishwe?"

"Tupe basi jina kamili la huyo bibi," Nyamizi alisema. "Na mtaa."

"Hayo yako kwa wakala wa Dar, mama. Na aliyekata tiketi ndiye mwenye neno mpaka mkataba uishe. Nendeni nyumbani mkapumzike. Mnajipa presha bure."

Walitoka. Nassibu alimuaga kwa adabu, mazoea hayo, kisha akajichukia njia nzima.

Nyamizi alikwenda peke yake kwa Julieth. Alisimama mbele ya karai, na kanga alikuwa ameivuta mpaka machoni. "Sina uso wa kuja hapa, mwanangu."

"Uso unao, mama. Kaa." Julieth aliepua karai, akavuta kigoda, akamsikiliza habari yote ya mwadila. Hakumwambia nilikwambia. Aliuliza tu. "Kopi ya pasipoti?"

"Haipo."

"Jina la mwajiri?"

"Bibi Zuwena."

"Zuwena nani?"

"Alizaliwa Tabora."

"Anakaa mtaa gani?"

"Maskati."

Julieth alishusha pumzi. "Mama, Maskati siyo Kanyenye, useme utauliza kwa bibi Zuwena uelekezwe. Kuna watu nawafahamu, walinisaidia mimi, lakini wao wanataka pa kuanzia. Akipiga tena, usigombe. Usimuulize mtoto kama yuko salama. Mwambie neno lake, ajue limefika. Kisha ongea na bibi kwa heshima, mwulize ukoo wake. Wazee wanapenda kuulizwa ukoo. Jina kamili na mtaa, basi. Hayo mawili niletee."

Tangu siku hiyo Nyamizi alishinda kazini kwa mumewe. Simu iliwekwa juu ya meza ya kukatia nguo, wote wawili wakiizunguka. Mteja akija na suruali anaambiwa rudi kesho. Kimoyomoyo Nyamizi aliyarudia maneno aliyofundishwa: neno la mtoto, ukoo wa bibi, mtaa wa bibi.

*

Simu iliita asubuhi. Nassibu aligusa kioo, akamsogezea mkewe.

"Mama?"

Sauti ilikuwa ya Mwamvita na haikuwa yake. Ilikuwa imekwaruza, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea. Nyamizi aliinama mpaka midomo ikagusa simu.

"Mwanangu. Mwadila."

Ilisikika pumzi, ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo. "Mwadila, mama," alisema Mwamvita. "Mwadila. Mwadila."

Limefika! Nyamizi alifumba macho. Alipoyafumbua, sauti ya pili ilikuwa imeshaingia, ya kizee, laini, yenye kicheko ndani yake.

"Haa! Asubuhi hii, mwadila? Baba mtu alimrekebisha juzi, kumbe na mama mtu hajui? Nyumba nzima hamjui saa?" Bibi alicheka kidogo. "Mimi nimelelewa na yaya wa Kinyamwezi, mwenzangu, hapo hapo Tabora. Kila siku ya Mungu aliniamsha kwa salamu. Asubuhi mwangaluka, jioni mwadila. Hilo mtoto mdogo halikosei mara tatu."

Nassibu alishika ukingo wa meza. Masolwa aliacha kugonga.

"Basi tuanze upya, kwa adabu," alisema bibi. "Mwangaluka, mama Mwamvita."

Salamu ikabaki inamngojea. Nyamizi alijua mtoto amesimama pale pale, anasikia. Akiitikia, Mwamvita atasikia mama yake akisema mambo ni salama. Asipoitikia, bibi atakuwa amepata uhakika wa alichokishuku, na jina hatalitoa, na milango atakayoifunga nani ataifungua? Alimtazama mumewe. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Nassibu hakuwa na la kumsahihisha mtu.

"Mwangaluka, mayu," Nyamizi aliitikia, kama anayemwitikia mama yake.

Upande wa pili, mbali kidogo na simu, kitu kama kikohozi cha Mwamvita kilikatika katikati.

"Ndiyo hivyo! Umeona?"

"Bibi yangu," Nyamizi aliharakisha, "umetulelea mtoto, nasi hata ukoo wako hatuujui. Jina lako kamili nani, tukuombee dua? Na huko mnakaa mtaa gani?"

Bibi alicheka tena, kwa upole ule ule. "Mumeo kanishonea gauni pasi na kuniona, likanikaa. Na dua nayo niombeeni hivyo hivyo. Bibi inatosha. Haya, mtoto ana kazi."

Simu ikakatika. Nassibu alipojaribu kuipiga ile namba, haikuita. Akajaribu tena, na tena, mpaka Nyamizi akamshika mkono.

Adhuhuri ilipopita walifunga kazi, wakaondoka kwenda kwa Julieth kumwambia kwamba hawana jina wala mtaa. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Barazani watu walikuwa wamekaa, wengine Wanyamwezi, na kila mlango waliopita walisalimiwa kama siku zote.

"Mwadila, fundi!"

"Mama Mwamvita, mwadila! Binti hajambo huko?"

"Mwadila! Mwadila, fundi!"

Nyamizi alijifunika kanga masikio yote mawili, akaongeza mwendo. Nassibu alimfuata nyuma, macho chini, mdomo kaufunga, hakumwitikia hata mmoja. Walipokunja kona, mzee mmoja aligeuza kiti chake kuwatazama.

"Nassibu huyu huyu?" aliwauliza wenzake. "Huyu naye kalelewa wapi?"